Mbwa Asiyejua Kiingereza

Nilianza na vikaratasi vya manjano,
vile vya kunata, tunavyotumia gereji
kuandika basi lipi limekwisha breki.
Doras nikabandika mlangoni,
fuinneog dirishani, bainne kwenye pakiti ya maziwa.
Mvuke wa birika ukavibandua kimoja kimoja
hata asubuhi nikaukuta mlango
umelala kifudifudi chini ya meza.

Líadan alikuwa na miaka mitatu na nusu.
Mimi, arobaini na mmoja,
na Kiayalandi changu cha Jumanne jioni
katika ukumbi wa parokia, Portlaoise:
hita moja, wanafunzi sita,
mwalimu, Bi. Ní Dhuibhir, ana mafua tangu Oktoba.
Utotoni nilikisoma shuleni miaka kumi na minne
nikatoka nacho
kama atokaye mtoni na maji kwenye tenga.

Nikimwuliza kwa Kiayalandi, ananijibu kwa Kiingereza.
Mwaka mzima hivyo:
mimi narusha mpira juu ya ukuta,
yeye ananirudishia chungwa.

Kisha akaja Bonnóg,
mbwa wa kuokotwa, sikio moja limesimama,
jingine limekata tamaa,
nami nikasema uongo, Mungu anisamehe:
"Huyu katoka visiwa vya magharibi.
Kiingereza hajui hata neno."

Bonnóg alikuwa amejitandaza kwenye kochi,
pale pale pa Líadan, mbele ya katuni.
Akamwambia asogee. Mbwa akapiga mwayo.
Akapayuka. Mbwa kimya, jii.
Akanigeukia, uso umeiva:
"Nimwambieje?"
"Síos leat," nikasema,
mkono wangu nyuma ya kochi, umeshika soseji.
"Síos leat!"
Mbwa akashuka.

Tangu hapo maneno yakaanza kuja,
si kwangu, kwa mbwa,
nami nikiyasikiliza nyuma ya mlango kama mwizi.
Alimwambia ana njaa: tá ocras orm,
maana katika lugha hii njaa haikuumi,
iko juu yako, kama koti lililolowa,
na huzuni nayo iko juu yako,
mpaka siku utakapoivua.
Tena hakuna ndiyo, hakuna hapana,
huna neno fupi la kujificha nyuma yake.
Ar bhris tú an cupán? Umekivunja kikombe?
Akafikiri sana, akivitazama vigae sakafuni.
Bhris. Nilivunja.

Dervla, mke wangu, hakijui.
Kakulia Coventry, wazazi wake walikofuata kazi.
Mezani tunacheka, anauliza, "Mnacheka nini?"
Namtafsiria, na kicheko kilichotafsiriwa
ni chai iliyopoa.
Usiku mmoja akasema, kanipa mgongo:
"Umemjengea mwanangu chumba,
mimi ukaniacha nje na viatu vyangu mkononi."
Sikuwa na jibu, kwa lugha yoyote.

Majuzi, Líadan ana miaka sita sasa,
nilisimama mlango wa nyuma, mvua inanyunya, naita:
"Cá bhfuil mo madra?"
Akaweka kijiko chini.
"Si madra, Baba. Mo mhadra."
Ile M ikatoka V, ikapita kama upepo
kwenye pengo la jino lake lililong'oka.
Miaka yote hiyo nilikuwa nakosea,
jirani ananisikia, mbwa ananisikia.
"Kwa nini?"
Akainua mabega, kama fundi aliyeulizwa
gurudumu ni la nini:
"Kitu kikiwa chako, mwanzo wake unalainika."

Akashuka kitini, akamwendea mama yake
penye sinki, povu mpaka viwikoni,
akamvuta aproni.
"Sema, Mama."
Dervla akanitazama. Mimi nikalitazama birika.
"Mo," akasema. Akameza mate.
"Mo mhadra."

Na huko uani, katika matope, Bonnóg
akasimamisha sikio la pili.